Anwani ya Tovuti Si Pambo la Kibao

Pita Kamembe, mji wetu wa wilayani Rusizi, Rwanda, siku yoyote, kuanzia kituo cha mabasi hadi barabara inayoteremka kwenda mpakani, usome vibao. Gesti, saluni, duka la vitenge, karakana ya pikipiki, ushirika wa wakulima: kila kimoja kina namba ya simu, na chini yake, kwa rangi nyekundu, kile ambacho mwenye kibao anakiita tovuti. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Mmoja ameandika www, akaweka nukta, kisha jina lake, akamalizia na @gmail.com kana kwamba barua pepe na tovuti ni kitu kimoja. Mwingine mikwaju yake, zile alama za //, imeegemea kushoto. Wa tatu anasema "Tutafute Facebook" bila kutaja jina la kutafuta. Wa nne ameandika sawasawa, lakini ukifungua anwani yake unajibiwa kwamba ukurasa haupo.

Tunacheka, tunapita. Lakini nani analipa gharama ya kicheko hicho? Analipa mwenye gesti ambaye mgeni wake, kabla ya kupanda basi Kigali na kukata msitu wa Nyungwe, alitafuta malazi kwa simu akampata mwingine. Analipa mkulima wa mpunga wa Bugarama ambaye mnunuzi wa Bukavu hakumwona, ingawa ni majirani wa mto mmoja.

Nasema wazi tangu mwanzo: anwani ya tovuti ni sehemu ya biashara, na mwenye biashara anapaswa kuijua kipande kwa kipande, hata kama hatagusa kompyuta maishani mwake. Wauzaji wa tovuti humwambia kwamba anwani ikipangwa vizuri Google itampandisha juu ya wenzake wote. Wanampotosha. Anwani nzuri inaisaidia Google kidogo. Inamsaidia mteja sana. Na mteja ndiye mwenye pesa.

Vipande vyake ni vingapi?

Wapo wanaosema haya ni mambo ya mafundi. Sikubali. Mama anayeuza samaki wa sambaza sokoni, hata kama hakumaliza shule ya msingi, anapolipwa kwa simu humwelekeza mteja abonyeze *182*8*1*, halafu namba ya biashara yake, halafu kiasi, halafu alama ya reli (#). Anajua kila namba ina kazi gani, na anajua kwamba ikikosewa moja tu, pesa zinakwenda kwa mtu mwingine. Anwani ya tovuti si ngumu kuliko hiyo.

Tuchukue ushirika wa kubuni wa wakulima wa Bugarama, wenye ukurasa huu: https://www.mchelebugarama.rw/sw/bei/mchele-mrefu?mwezi=machi#usafiri

Kipande cha kwanza, https, ni utaratibu ambao simu yako na seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, huutumia kuzungumza. Ile s ina maana kwamba mazungumzo yamefungwa, mtu wa kando asiyasome njiani. Agosti 2014 Google ilitangaza kwamba inaipa s hiyo uzito mdogo katika kupanga matokeo, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya msomaji kuwa tovuti isiyo nayo si salama. Cheti chake kinapatikana bure kupitia huduma ya Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo fundi anayekutoza faranga nyingi kwa ajili ya s peke yake, muulize anakuuzia nini hasa. Kuhusu mikwaju miwili inayofuata, Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti alikiri mwaka 2009 kwamba haikuwa na ulazima. Tumeshairithi, tuiandike, na iegemee kulia.

Inafuata www, kisha mchelebugarama.rw. Hiyo ya pili ndiyo domeini, yaani jina lililosajiliwa na kulipiwa. Baada yake ni njia: sehemu ya Kiswahili, ndani yake bei, ndani yake mchele mrefu. Alama ya kuuliza huanzisha ombi, hapa bei za mwezi wa Machi. Alama ya reli humpeleka msomaji kwenye aya ya usafiri ndani ya ukurasa uleule. Kipande hicho hubaki kwenye simu yake, hakipelekwi kwa seva, na kwa kawaida Google haikihesabu kuwa ukurasa mwingine.

Mambo mawili madogo huwaponza wengi. Kwanza, domeini haijali herufi kubwa na ndogo, lakini njia inaweza kujali: /Bei na /bei zikawa kurasa mbili, mmoja upo na mwingine haupo. Andika zote kwa herufi ndogo uepuke balaa. Pili, kwa mitambo ya kutafutia, anwani yenye www na isiyo nayo zinaweza kuhesabiwa kuwa mbili. Chagua moja, na umwagize fundi aielekeze nyingine kwake.

Mwenye nyumba yuko kulia

Jina la domeini husomwa kwa kurudi nyuma. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzo. Kilichoandikwa mara moja kabla yake ndicho kinachokuambia uko kwa nani. Kilicho kushoto zaidi ni pambo ambalo mwenye domeini anaweza kuliandika apendavyo.

Elimu hii haiwahusu wafanyabiashara peke yao. Tangu 2015 Wanyarwanda huomba huduma nyingi za serikali kupitia Irembo, na anwani yake, irembo.gov.rw, ina mwisho uliotengewa taasisi za serikali. Tapeli anaweza kuandika irembo.gov.rw mwanzoni, akaongeza nukta, kisha jina lake mwenyewe na .com. Macho yanayosoma kutoka kushoto yataona serikali. Yanayoanzia kwenye mkwaju na kurudi nyuma yatamwona mwizi. Familia inayotafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto inaweza kupoteza ada, namba ya kitambulisho na neno la siri kwa kukosa somo la dakika tano. Kwa nini shule zetu zinazofundisha kompyuta zisianzie hapo?

Nguo ya kuazima

Wengi hapa Rusizi hawana domeini kabisa. Wana ukurasa wa Facebook, au tovuti ya bure ambayo anwani yake imebeba jina la kampuni iliyowapa nafasi. Si vibaya, ni mwanzo. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Akaunti ikifungwa au ikiibwa, picha, sifa za wateja na jina vinakwenda pamoja, na hapa Kamembe hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi.

Wapo watakaonijibu: wateja wangu wote wako WhatsApp. Ni kweli, na WhatsApp inafaa kwa mtu anayekujua tayari. Asiyekujua atakupataje? Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mfanyabiashara aliyezoea kuonana na wateja uso kwa uso pale kwenye kivuko cha mpaka cha Rusizi ya Kwanza alibaki na namba alizokuwa nazo kwenye simu. Mteja mpya hakuwa na njia ya kumfikia.

Mwisho wa domeini nao una historia ya kuijua. Alama ya .rw iliingizwa kwenye orodha ya dunia mwaka 1996, lakini kwa miaka mingi usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa watu wa nje ya nchi. Ni mwaka 2012 ndipo ulipokabidhiwa RICTA, shirika la hapa Rwanda. Leo unaweza kusajili jina linaloishia na .rw moja kwa moja au na .co.rw, kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Ng'ambo ya mto wana somo chungu zaidi. Zaire ilikuwa na .zr. Nchi iliporudi kuitwa Kongo mwaka 1997 ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kibao au kadi yoyote iliyokuwa bado na alama hiyo ikawa haimfikishi mtu popote.

Je, uchague .rw au .com? Google huichukua alama ya nchi kama dalili ya watu unaowalenga. Gesti ya Kamembe na duka la simu vinastahili .rw. Anayeuza kahawa kwa wanunuzi wa Ulaya anaweza kuchukua .com bila kujuta. Chochote utakachochagua, kiwe kifupi na kitamkike, kwa sababu jina lako litasemwa kwenye simu na redioni kabla ya kuandikwa. Kistari katikati ya domeini humlazimu msemaji kueleza, na msikilizaji husahau. Isitoshe, Januari 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye matokeo yanayosomwa kwa simu itaonyesha domeini peke yake, bila njia inayofuata. Kwetu, ambako wengi wanatafuta kwa simu, jina hilo sasa ndilo mteja analoliona kabla ya kubonyeza.

Na jina liandikishwe kwa nani? Hapa ndipo kaya nyingi huumia. Domeini hulipiwa ada kila mwaka. Fundi akiisajili kwa jina na barua pepe yake, siku mkigombana au akihamia Kigali anaondoka na jina la duka lako, na sheria ya usajili inamtambua yeye. Baba akifariki na neno la siri limo kichwani mwake, watoto wanarithi rafu na bidhaa, lakini jina ambalo wateja walilizoea linachukuliwa na mgeni ada ikipita tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Rusizi, Ruzizi, Kamembe au Cyangugu?

Sasa tuje kwenye njia, yale maneno yanayofuata domeini. Mahali petu pana tabu yake. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yalipoufuta Mkoa wa Cyangugu, tukawa Wilaya ya Rusizi ndani ya Mkoa wa Magharibi. Jina la zamani halikufa: jimbo la Kanisa Katoliki bado ni la Cyangugu, na wazee hawajaliacha. Anayekuja kwa ndege anaona Kamembe kwenye tiketi. Mkongo anauandika mto kwa z, Ruzizi. Mnyarwanda anauandika kwa s. Mtu anayetafuta malazi anaweza kuanza na lolote kati ya hayo manne.

Ushauri mbaya unaouzwa ni kuyarundika yote: /gesti-malazi-nafuu-rusizi-ruzizi-kamembe-cyangugu. Anwani kama hiyo haisomeki, na msomaji anashuku ulaghai. Weka moja kwenye anwani, lile ambalo wateja wako hulitumia zaidi, kisha yale mengine yataje kwa kawaida ndani ya maelezo ya ukurasa: tuko Kamembe, mji ambao wengi bado wanauita Cyangugu, karibu na daraja la Rusizi. Mitambo ya leo inasoma ukurasa mzima. Haiishii kwenye anwani.

Maneno ya njia yatenganishwe kwa kistari. Google yenyewe inashauri hivyo, badala ya kistari cha chini. Ukiacha nafasi tupu inageuka %20. Ukiandika hôtel kwa Kifaransa na kofia yake, mteja akinakili anwani anaweza kuletewa h%C3%B4tel, na atadhani simu imeharibika. Kiswahili na Kinyarwanda tumebahatika, kwani herufi zetu hazivai alama kichwani; tuna ritifaa ya ng'ombe tu, nayo kwenye anwani iache. Ukurasa wa chemchemi za maji moto ukiitwa /amashyuza-bugarama, mtu anajua anakokwenda kabla ya kufika. Ukiitwa /index.php?id=47, hajui kama ni maji moto au ni tangazo la zabuni.

Lugha nazo zina mahali pake. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, na hapa mpakani tulikuwa tukikizungumza kabla ya bunge kupiga kura. Anayetaka wateja wa Bukavu, Uvira na Bujumbura aweke kurasa za Kiswahili chini ya /sw, na za Kinyarwanda chini ya /rw, maana rw ni alama ya lugha na ni alama ya nchi pia. Atakayeweka /tz au /ke akidhani ametaja Kiswahili, ametaja nchi. Muhimu zaidi, kila lugha ipate anwani yake. Kitufe kinachobadilisha lugha huku anwani ikibaki ileile kinamfaa aliye ndani tayari. Mtambo wa kutafutia unaweza kuiona lugha moja tu, na zilizobaki zikawa kama hazikuandikwa.

Ombi linaloanza na alama ya kuuliza halina dhambi, lakini likiachwa holela huzaa kurasa pacha: bidhaa zilezile zikipangwa kwa bei, kwa rangi, kwa tarehe, kila mpango na anwani yake. Tangu Februari 2009 kuna alama inayowekwa ndani ya ukurasa kuieleza mitambo ipi ndiyo anwani asilia. Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuihimiza. Fundi wako anaijua, au anapaswa kuijua.

Ahadi ya ukurasa wa kwanza

Nimesema anwani inaisaidia Google kidogo. Nisisitize, kwa sababu pesa za watu zinaliwa hapa. Wataalamu wa Google wamerudia mara nyingi kwamba maneno yaliyomo kwenye anwani ni kigezo hafifu mno. Zamani watu walisajili domeini kama nunua-simu-bei-rahisi wakapanda juu kwa jina tu. Septemba 2012 Google ilibadilisha mpangilio wake ili majina ya namna hiyo, yakiwa na tovuti duni, yashuke. Miaka zaidi ya kumi baadaye bado kuna wanaouza dawa hiyo kwa wenye maduka wasiojua kwamba muda wake umekwisha.

Je, chema chajiuza? Mtandaoni hapana, chema kisichopatikana hakiuziki. Lakini hata kibaya hakiuzwi na anwani. Ukurasa hupanda kwa kueleza kile ambacho mtu anakitafuta: bei za leo, saa za kufungua, picha za vyumba vyenyewe, mahali pa kuegesha gari, namna ya kulipa. Kazi ya anwani ni kumfanya mtu aamini, akumbuke, amsomee mwenzake kwenye simu asikosee. Akipewa linki mbili kwenye kundi la WhatsApp, moja inayosomeka na nyingine yenye namba na alama zisizo na mwisho, anayejali pesa zake atabonyeza ipi?

Usihame kimyakimya

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa siku ya furaha, siku tovuti mpya inapozinduliwa. Keki inakatwa, picha zinapigwa, na usiku huohuo kila anwani ya zamani inakufa. Linki zilizokuwa kwenye magazeti, kwenye vikundi, kwenye vitabu vya wageni wa kigeni, zote zinaishia ukutani. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika waraka mfupi wenye hoja moja: anwani nzuri hazibadiliki. Onyo lake bado halijasikika katika ofisi nyingi, za umma na za binafsi.

Tuone madhara yake nyumbani. Kijana wa Nkombo anatumiwa linki ya tangazo la kazi, anatumia bando lake la mwisho kuifungua, ukurasa haupo, na siku ya mwisho ya maombi inapita. Ushirika unaotafuta masharti ya zabuni unakuta anwani iliyotangazwa mwezi uliopita haifunguki. Mwenye gesti aliyejengewa sifa kwa miaka anaanza upya machoni pa Google, kwa sababu sifa hizo zilikuwa zimefungwa kwenye anwani aliyoiua mwenyewe.

Dawa ipo na ni rahisi. Anwani ya zamani huelekezwa kwa mpya kwa agizo linaloitwa 301, ambalo huwaambia wasomaji na mitambo kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Google inashauri maelekezo hayo yabaki kwa mwaka mmoja angalau. Mimi nasema yaache daima, kwani hayali chochote. Bora zaidi, chagua tangu mwanzo anwani isiyo na sababu ya kubadilika. Usiweke mwaka kwenye ukurasa wa bei, wala jina la mkurugenzi, wala jina la programu iliyotengeneza tovuti. Mwaka utapita, mkurugenzi atahamishwa, programu itabadilishwa.

Ndugu msomaji, kama una biashara au unaongoza ushirika, mwite fundi wako wiki hii umuulize maswali manne. Domeini imesajiliwa kwa jina la nani? Ada yake inaisha tarehe gani? Anwani zote zinafunguka kwa https, zenye www na zisizo nayo zikifika mahali pamoja? Na tukibadilisha tovuti, za zamani zitaelekezwa wapi? Kuuliza si ujinga. Majibu yaandikwe kwenye daftari la familia au kumbukumbu za mkutano mkuu, pamoja na neno la siri mahali salama ambapo zaidi ya mtu mmoja anaweza kulipata. Fundi akishindwa kujibu swali la kwanza, usimlipe hadi jina liwe lako.